Nafasi Tatu Kivulini

Siku nafasi za Kivulini zilipofunguliwa, nusu ya Konde ilihamia dukani kwa Khairat. Duka lenyewe si kubwa: kompyuta mbili, printa yenye kelele, friji ya soda, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Lakini ndiko mtu anakokwenda kutoa nakala, kupiga picha ya paspoti, au kuulaani mtandao mbele ya mashahidi. Ilikuwa siku ya soko, mwezi wa Shaaban, na nje magari ya Wete yalikuwa yakipakia abiria na ndizi kwa pamoja, makondakta wakiita na wauza samaki wakiita zaidi.

Kivulini ni msitu wa hifadhi, kaskazini ya mji. Humo kuna miti mirefu ambayo popo wakubwa wa Pemba, wale wenye sura ya mbwa mdogo na manyoya ya rangi ya kutu, hulala mchana kutwa wakining'inia kama nguo zilizoanikwa. Jua likizama wote huondoka kwa pamoja. Waliowahi kusimama chini yao hawasimulii vizuri. Wanaanza, halafu wanatikisa kichwa na kunyamaza. Zamani mtu aliingia apendavyo, hata popo wakachoshwa na kelele wakahama msimu mzima. Waliporudi, hifadhi ikaweka sharti: kila jioni watu kumi na wawili tu, wenye nafasi walizochukua mapema mtandaoni. Baada ya hapo lango linafungwa hata aje waziri.

"Zimekwisha, Mwatum," Khairat alisema bila kuinua uso kwenye kompyuta. "Msimu wote umejaa. Ilibaki Jumapili moja yenye nafasi tatu, na hizo zimeondoka nami naandika jina lako."

Mwatum binti Bakar alikuwa amekuja mbio asubuhi na mapema kutoka kwenye cherehani yake, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Buibui lake lilikuwa wazi kwa mbele, ndani amevaa gauni la rangi ya zambarau alilolishona mwenyewe, na ushungi wa kijani umemkaa vizuri hata wanawake wawili kwenye foleni walikuwa wameshamuuliza kitambaa kakipata wapi. Aligeuka taratibu akawatazama waliomo dukani mmoja mmoja. Kando ya friji alikuwepo kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, kofia ya viua imelala upande, anaitazama simu yake na kutabasamu peke yake. Mtu hahitaji kusoma sana kumjua mwizi wa namna hiyo.

"Ni wewe," Mwatum alisema.

"Mie nini?"

"Nafasi tatu. Mtu mmoja utaangalia kwa macho mangapi?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, na hapo ndipo alipofanya kosa la kumtazama vizuri. Aliitwa Qais bin Marhoun, mfamasia kwenye duka la dawa Chake Chake, na alikuwa amekuja Konde na vespa yake kuleta dawa za kituo cha afya. Ukoo wao ulikuwa wa wale waliotoka Oman, ambao zamani walikuwa na mikarafuu mpaka jicho linapochoka. Sasa wamebaki na jina refu na nyumba inayovuja. Alijitetea kwamba anawachukulia rafiki zake wawili wa Unguja, ambao kila wakikutana humcheka: Mpemba mzima hajawaona popo wa kwao wakiruka.

"Hao rafiki zako wataweza kuja hata mwakani," Mwatum alisema, na mzaha ulikuwa umeshamtoka. "Bibi yangu mwakani hataona kitu. Presha ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili linaona mwanga na kivuli basi. Kazaliwa ukingoni mwa msitu ule, popo wakipita juu ya nyumba yao kila magharibi mpaka alipoolewa Wingwi. Anataka kusimama chini yao mara moja tena. Nimekuja hapa tangu duka halijafunguliwa."

Hakusema ili aonewe huruma. Alisema kwa hasira, na kwa Qais hasira ile ilikuwa mbaya zaidi kuliko machozi. Duka zima lilikuwa likimtazama yeye. Aliinamia simu, akafuta majina mawili.

"Jina la bibi?"

"Bi Mwanawema."

"Na la mjukuu? Na namba ya simu, kwa sababu fomu inataka namba."

Fomu ilitaka namba moja tu, ya mwenye kuchukua, lakini hilo alilijua Khairat peke yake naye akalimeza. Wakaitazama kalenda ukutani. Jumapili ile ingekuwa sikukuu ya pili, maana kalenda ilionesha Idi Jumamosi. Mwatum akafurahi mno: sikukuu mosi mtoto wa kike yuko nyumbani na wageni, lakini ya pili hata Mzee Bakar, baba yake, huwaacha watu watembee. Hivyo watu wawili wenye akili zao, waliozaliwa Pemba na kukulia Pemba, walipanga safari kwa kalenda ya ukutani, kana kwamba hawajui kuwa kisiwani humu mtaa mmoja huweza kuwa unakula pilau la Idi na mtaa wa pili bado umefunga, kila mmoja na mwezi wake.

* * *

Ramadhani ikaingia na simu zikaanza. Kwanza zilikuwa za shughuli. Qais alipiga baada ya futari kumsomea masharti ya hifadhi: nguo zisizong'ara, marashi yasiwe makali, simu zinaachwa langoni kwa sababu mwanga wake unawasumbua wanyama. Mwatum alitaka kujua kama njia ina mizizi, bibi asije akajikwaa. Qais hakujua, basi siku ya pili akaendesha vespa mpaka lango la Kivulini, akamtafuta mlinzi aitwaye Kificho, akauliza, akarudi na jibu kwamba njia imetandikwa mbao na kuna benchi. Kwa nini hakupiga simu tu kuuliza, hilo halikumpitikia mpaka Mwatum alipomuuliza.

"Nilitaka kupaona mahali hapo," alijibu. "Nimefika langoni, nimesikia sauti zao kwa mbali, mchana, wanagombana usingizini. Mwatum, mwili ulinisisimka. Sijui siku yenyewe itakuwaje."

"Utaanguka, na mie n'na bibi wa kumshika. Sitaweza wawili."

"Basi mshike bibi, mie niache chini, nitawaona vizuri zaidi."

Kidogo kidogo masharti ya hifadhi yakaisha na simu hazikuisha. Mwatum aliweka simu kwenye meza ya cherehani, sauti ya Qais ikizungumza katikati ya lesi na vifungo vya nguo za sikukuu za watu. Alimsimulia hadithi za bibi: kwamba popo jike huruka na mtoto kifuani, kwamba usiku, mafenesi yakiwa yameiva, harufu ya popo ilikuwa ikiingia mpaka kitandani. Qais naye alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, kama vile anavyoona haya kuitwa mwana wa wenye shamba naye hana hata mkarafuu mmoja. Alianza kumwita laazizi kwa kutania, na siku moja akagundua kwamba hatanii tena. Mwatum aligundua kabla yake, akamwacha ajionee mwenyewe.

Katikati ya mfungo ikaja posa. Haroub, mfanyabiashara wa saruji wa Wete, mtu mzima wa heshima asiye na kasoro ya kuisema, alituma wazee kwa Mzee Bakar. Mwatum alimpigia Qais siku hiyo hiyo, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Baba kasema atawajibu Ijumaa ya baada ya sikukuu. Mie hakuniuliza."

Qais aliinuka alipokuwa amekaa. "Na mie nikileta wazee kesho?"

"Baba atasema kuna waliotangulia. Duniani anamsikiliza mtu mmoja, mama yake. Na bibi hampitishi mtu kwa sifa. Anataka akae naye, amsikie. Mimi kanilea yeye, neno lake juu yangu halivukwi."

"Basi Jumapili ile Kivulini."

"Jumapili ile," Mwatum alisema. "Qais, usiniangushe. Ikipita hiyo hakuna siku nyingine, nafasi hakuna na Ijumaa itakuwa imefika."

* * *

Mwezi una mambo yake. Ijumaa jioni, nyumbani kwa kina Qais redio ilisema mwezi umeonekana nchi nyingine, na kwao tangu enzi za babu mwezi wa mbali ni mwezi. Wakasali Idi Jumamosi. Wingwi, kwa kina Mwatum, macho yote yalikuwa angani na anga lilikuwa na mawingu, wakakamilisha thelathini. Hakukuwa na ugomvi, ndivyo ilivyo kila mwaka. Jumamosi mchana Qais alimtumia Mwatum picha ya sinia la biriani kumchokoza. Mwatum alimjibu kwamba amefunga, na kwamba Qais hana haya. Wakacheka, wakatakiana kheri, wakaagana.

Ndivyo ilivyokuwa, na mimi ninayesimulia ningependa kuwatikisa wote wawili mabega. Maana Mwatum aliweka simu akiwa na yakini kwamba Qais ameshaelewa. Kwao Jumapili ingekuwa sikukuu mosi na hawezi kutoka. Mwenye nafasi mkononi ni Qais, na hifadhi inaruhusu kusogeza siku moja mtu akiwahi. Bila shaka amesogeza. Qais naye aliweka simu akiwa na yakini kwamba hakuna cha kusogeza. Kwake Jumapili ilikuwa ya pili kama walivyopanga, na Mwatum kama angekuwa na neno angesema. Kila mmoja alimwona mwenzake ana akili mno hata ikawa haina haja ya kumuuliza.

Jumapili alasiri Qais alifika lango la Kivulini amevaa kanzu ya rangi ya kahawia, isiyong'ara, kofia mpya, na udi kidogo tu kwa ajili ya popo. Alisubiri. Wageni wa kwanza waliingia. Alipiga simu ikaita bila kupokewa, akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa na Shadya, mke wa kaka yake Mwatum, mwanamke mwema asiyejua lolote.

"Mwatum yuko na wageni," Shadya alisema kwa furaha. "Wa kina Haroub. Si unajua kuna posa? Wamekuja kutupa mkono wa Idi."

Kificho alimsogelea akamwambia kwa upole kwamba muda umefika. Ama aingie peke yake, au nafasi wapewe waliosimama pale wakibahatisha. Qais alielekeza mkono kwa mama mmoja na watoto wake wawili waliotoka Vitongoji. Aliwaachia zote tatu. Akapanda vespa, na alipofika njia kuu popo wakaanza kupita juu yake. Hakuinua kichwa.

Jumatatu, sikukuu ya pili ya Wingwi, Mwatum alimvisha bibi yake kanga mpya, wakapanda gari la mtu mpaka Kivulini. Bi Mwanawema hakunyamaza njia nzima. Langoni Kificho alitazama orodha, akamtazama yule bibi, na ikamuuma kusema.

"Nafasi zenu zilikuwa jana, mwanangu. Kijana kakaa hapa na kanzu yake mpaka mwisho."

Mwatum aliuona mwezi hapo, wote, na mawingu yake. Alimpigia Qais papo hapo. Simu ilikuwa imezimwa, na jioni ilikuwa imezimwa, na Jumanne ilikuwa imezimwa. Jumatano ilipoita bila kupokewa, Mwatum akaacha. Naye ana kiburi chake. Hakumwibia mtu kitu. Lakini aliharibu mkono wa gauni la mteja mara mbili kwa siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ashike cherehani. Bibi yake alikuwa akisikia mashine ikisimama na kuanza.

* * *

Alhamisi asubuhi simu ya Qais iliita juu ya kaunta ya duka la dawa. Alikuwa Kificho. Wageni wawili wa jioni ile wamekwama Unguja, nafasi zao zimeachwa, na yeye amemkumbuka yule bibi. "Namba niliyo nayo ni yako tu. Nikikata hii simu nampa mwingine, wako wengi wanangoja."

Qais alikuwa na dawa ya macho mkononi, ya mteja mwingine kabisa. Alikuwa amekasirika siku nne nzima, na hasira yake ilikuwa imeshaanza kumchosha. Alimwambia Kificho azishike. Kisha akapiga ile namba ambayo fomu haikuitaka.

"Sikupigii kwa ajili yangu," alisema Mwatum alipopokea. "Zipo nafasi mbili leo. Mchukue bibi. Mie sitokuja, usiwe na wasiwasi, na Haroub hatasikia."

"Haroub anaingia wapi?"

"Jumapili ulikuwa na wageni wake, nami niko langoni."

"Jumapili kwetu ilikuwa mosi, Qais. Ningetokaje? Mie nilijua umesogeza. Jumatatu nimemleta bibi pale kavaa kanga mpya, tukageuzwa."

Dukani kwa Qais mteja alikohoa ili akumbukwe.

"Kwetu ilikuwa ya pili," Qais alisema polepole.

"Kwenu mlisali Jumamosi. Ulinitumia na biriani."

"Nilikutumia na biriani," alirudia, na akakaa kwenye kiti. "Mwatum, mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuniuliza? Nimekupigia siku tatu, umenifungia simu kama mdai."

"Nilidhani umeamua. Nilikuwa sitaki kukusikia ukisema kwa mdomo wako." Akavuta pumzi. "Nisamehe. Nimekupenda mpaka nimekuwa mjinga."

Mwatum alilia, kisha akajipangusa kwa kipande cha lesi ya mteja. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake.

"Mjinga ulikuwa tangu hapo. Njoo langoni. Leo Alhamisi, kesho baba anajibu."

"Nafasi ni mbili, na sie watatu."

"Njoo tu."

* * *

Walikutana chini ya miti ya mwanzo wa msitu, jua likiwa limeshalainika. Mwatum alikuwa na buibui la kahawia na ushungi wa rangi ya majani makavu, na kwa mara ya kwanza tangu Shaaban Qais alimwona uso kwa uso. Maneno yote aliyoyapanga njiani juu ya vespa yalimpotea. Alimwamkia bibi, akambusu mkono. Bi Mwanawema alikuwa mdogo, mkavu, ameinua uso kidogo kama wafanyavyo wasioona vizuri, ana harufu ya asumini.

"Ingieni nyie," Qais alimwambia Mwatum. "Mie nitakaa hapa na Kificho."

"Hapana. Utaingia wewe na bibi."

"Mwatum, umengoja msimu mzima."

"Nimengoja, na kesho ni Ijumaa," Mwatum alisema. Aliuchukua mkono wa bibi yake akauweka juu ya mkono wa Qais. "Bibi, huyu ndiye Qais. Mie n'nabaki nje. Mkalishe, msikilize, halafu utanambia."

Bibi aliminya ule mkono kama mtu anayechagua nguo sokoni. "Ana baridi," alisema. "Kaogopa. Haya, twende."

Mbao zilikuwa nyembamba na Qais alitembea kinyumenyume sehemu zenye unyevu, akimwongoza. Wageni wengine walitembea mbele kimya. Msitu ulipofungana juu yao hewa ikabadilika: baridi, harufu ya majani yaliyooza, ya matunda yaliyoiva, na nyingine nzito ya wanyama. Benchi lilikuwa kwenye uwazi, na kuuzunguka kulikuwa na miti mirefu iliyobeba popo kila tawi. Walikuwa wameanza kuamka. Walijinyoosha, wakafungua bawa moja na kulifunga, wakapigana makofi, wakapiga kelele. Qais alikuwa ameona picha zao tangu utotoni, na picha hazikumsaidia kitu.

"Hebu nambie," bibi alisema chini kwa chini. "Wewe ndo mwenye macho."

"Wamejaa bibi. Kila tawi. Hawaonekani mwisho."

"Wanawake wamebeba?"

"Wamebeba. Yuko mmoja hapa karibu, ntoto kamshika kifuani, kafunikwa na bawa, kichwa tu ndo kinatoka. Anatutazama."

"Anakutazama wewe, mie ananijua," bibi alisema, na Qais akacheka bila sauti.

Kisha mmoja akaachia tawi. Akaanguka kidogo, akafungua mabawa, akapanda. Akafuata wa pili. Halafu msitu mzima ukaachia. Walitoka kwenye miti kwa mamia, na nyuma ya mamia wakatoka wengine, wakazunguka juu ya uwazi ule mara moja na kuinuka, na mwanga wa mwisho wa jua ukapenya kwenye mabawa yao hata mifupa ya vidole ikaonekana. Hawakuwa na haraka. Mvumo wa mabawa ulishuka chini kama upepo, ukayatikisa majani, ukaipepea kanga ya bibi. Qais alisema subhanallah, akarudia, kisha hakuweza kusema kitu kingine. Alijihisi mdogo sana, na udogo ule haukumuuma, ulimfurahisha. Alilia na hakujificha.

"Mbona kimya?" bibi aliuliza. "Sema basi."

"Bibi, nikisema nitapunguza."

Bi Mwanawema aliinua uso akaupokea ule mwanga aliobakiwa nao, mdomo wazi kidogo, upepo wa mabawa ukimpiga usoni. Alibaki hivyo muda mrefu. Kwa mbali adhana ya magharibi ilisikika kutoka Konde, na wageni wengine wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja.

"Wamekwisha?" aliuliza.

Qais alitamani yeye na bibi waondoke. Nje alikuwepo Mwatum peke yake na kesho yao yote, na neno moja la ndiyo lingetosha, bibi asingejua. Alitazama juu. Walikuwa bado wanatoka, wachache wachache sasa, wazee labda, au wavivu.

"Bado," alisema. "Wapo wengine."

"Wenzetu wanatoka."

"Watoke. Sie tungoje mpaka wa mwisho."

Nje, Mwatum alikuwa amesimama katikati ya barabara ya vumbi, kichwa ameinua, ushungi umeanguka mabegani bila yeye kujua. Alidhani ameikosa jioni ile, kumbe popo wote wa Kivulini njia yao ilipita juu yake. Walipita na kupita mpaka mbingu ikawa ndiyo inayokwenda na wao wamesimama. Kificho, ambaye huwaona kila siku, alivua kofia yake. Mwatum aliweka mkono kifuani. Kwa muda ule hata posa aliisahau, na alipoikumbuka tena ilimrudia kwa uzito wote. Kama bibi atasema hapana, ni hapana.

Walipotoka ilikuwa giza jepesi. Bi Mwanawema alikuwa ameegemea mkono wa Qais kwa uzito wake wote, na uso wake ulikuwa umelowa. Mwatum aliwakimbilia, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Bibi?"

"Nipigie babaako."

Mwatum alipiga, akamwekea simu sikioni. Katika msikiti mdogo ulio karibu na lango watu walikuwa wakikimu sala, lakini bibi alikuwa na lake.

"Bakar, nisikilize, wala usinikatize, n'na haraka ya sala. Wale wa Wete wajibu kesho kwa adabu kwamba ntoto keshaposwa." Alisikiliza. "Na nani? Na aliyekaa na mie leo. Nimemuuliza kama popo wamekwisha, kanambia bado, na walikuwa bado, masikio n'nayo. Angeweza kunidanganya na hakunidanganya." Akasikiliza tena. "Hajasema, ndiyo. Atasema sasa hivi. Shika."

Akamnyooshea Qais simu. Qais, aliyepotewa na maneno msituni na asiyeyapata bado, aliishika kwa mikono miwili. Alimtazama Mwatum. Mwatum hakumsaidia, alikuwa ameufunika mdomo kwa ncha ya ushungi, macho yanang'ara.

"Shikamoo mzee," Qais alisema. "Mie Qais bin Marhoun, wa Chake. Namtaka Mwatum. Nataka kuleta wazee wangu."

Upande wa pili ulisikika mguno wa mtu aliyeshindwa na mama yake tangu azaliwe.

"Njoo kesho baada ya sala ya Ijumaa," Mzee Bakar alisema. "Na hesabu kwa mwezi wa kwetu."

Qais alimrudishia Mwatum simu, na kwa kuwa vidole vyao viligusana mbele ya bibi wote wawili wakatazama chini kwa haya. Bi Mwanawema alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea msikitini, mkono mmoja mbele, akiwaita wamfuate kabla rakaa ya kwanza haijampita.